Mwalimu Eliufoo na Vigae vya Bombo

Mwalimu Eliufoo aliporudi kutoka vitani, mwaka wa 1946, alishuka garimoshi Hedaru akiwa na sanduku la bati, na hakukubali mtu amsaidie kulibeba. Ndugu zake wawili walikuwa wameteremka kumpokea. Wakapanda mlima nyuma yake mikono mitupu, wakimtazama anavyohema, na kila alipotua kupumzika alilikalia. Walipofika Bombo habari ilikuwa imeshatangulia, sijui kwa miguu ya nani: Eliufoo ameleta mali ya Waitaliano.

Jioni watu wakajaa uani kwao kumpa pole ya safari, na macho yote yako kwenye sanduku. Akalifungua mwenyewe. Mlikuwa na madaftari, picha, penseli zilizofungwa kwa kamba, na kitambaa kilichokunjwa. Akakikunjua. Kikatoka kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, cheusi, kinang'aa kama mgongo wa mende.

"Ndicho ulichokipigania?" akauliza Asheri, jirani yetu, mzee wa kanisa.

"Hiki kina miaka zaidi ya elfu mbili, mzee. Ni kazi ya Wayunani."

"Wayunani hawa wa kwenye nyaraka za Paulo?"

"Babu zao."

"Basi mke wangu naye ni Myunani. Vya kwake viko jalalani, vya juzi. Ungeniandikia, ningekutumia."

Watu wakacheka sana. Lakini walipokuwa wakirudi makwao hawakucheka tena. Mtu hakai kwa Wazungu miaka mitano akarudi na kigae. Kwa hiyo mali ipo, imefichwa, na kigae ni cha kuwafumba watu macho. Mimi nilikuwa msichana bado, na nilisadiki hivyo hivyo.

Naye ndiye aliyenifundisha kusoma. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wetu katika shule ya misheni, darasa la kwanza mpaka la nne, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri hata tukaona haya kuufuta. Mwandiko huo ndio uliompeleka alikokwenda. Kikosi chake kiliwekwa Libya, mahali penye mji wa kale wa Wayunani uliobaki mawe. Kapteni mmoja, ambaye kwao alikuwa mwalimu wa chuo kikubwa, alikuwa na amri ya kuulinda mji huo usiibwe. Akamkuta Eliufoo akiwaandikia wenzake barua, akampa kazi ya kuosha vigae na kuvichora. Miaka miwili alichora vigae. Akajifunza herufi za Kiyunani, akajifunza majina ya vyungu vyao, kipi cha mvinyo, kipi cha mafuta, kipi cha kuwekwa kaburini.

Na akajifunza jambo moja ambalo alinieleza mimi baadaye, akiwa amekaa njiani na mimi nina mtoto mgongoni. Alisema wachache kati ya wale Wayunani waliandika majina yao kwenye chungu, fulani amenifanya. Wengi hawakuandika. Kapteni aliwatafuta hao wasioandika.

"Anawatafutaje, Mwalimu, na wamekufa?"

"Haangalii farasi waliyemchora, Mama Naftali. Kwenye farasi mtu alijitahidi. Anaangalia kwato, au sikio, mahali ambapo mtu amechoka anataka kumaliza. Hapo mkono wa mtu hauwezi kujificha."

Maneno hayo hayakunifurahisha. Nilimfunga mtoto vizuri nikaenda zangu.

Alikaa njiani kwa sababu hii. Kapteni alimwandikia kutoka kwao akimwuliza swali. Kwenu, ambako unamwona mama akimfundisha binti yake kufinyanga, je, mkono wa mama unaonekana kwenye chungu cha binti? Ukiwekewa vyungu ishirini, utaweza kusema hivi ni vya nyumba moja? Eliufoo akilijibu swali hilo kwa vyungu vya Bombo, wao kule wangejua namna ya kuwapanga Wayunani wao, baba na mwana, mwalimu na mwanafunzi. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa Bombo na si penginepo. Mahali pengine asingejua nani ni binti wa nani.

Lakini kwetu udongo ni wa wanawake. Mwanamume hakanyagi shimo la udongo wala hasogelei vyungu vinapochomwa, maana vitapasuka. Eliufoo aliheshimu. Hakwenda shimoni. Alikaa juu kwenye njia panda na daftari, akangoja wanawake wapite na vyungu kichwani, na asubuhi alipita majalalani akiokota vigae kwenye majivu. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

"Mwalimu, unatafuta mke au unatafuta chungu?" wanawake walimtania.

"Natafuta chungu."

"Ndiyo maana huna mke!"

Walimtania, lakini walipompita walishusha sauti. Barua zake zilipokuja Same na kupandishwa huku, mwenye duka aliapa kwamba ameona ndani ya bahasha maandishi yasiyo ya Kiswahili, wala ya Kiingereza, wala ya Kiarabu. Wengine walisema vigae anavipeleka kwa Mzungu apime nani ana damu nzuri. Wengine walisema Serikali imemtuma ajue kila nyumba inapika nini. Alipoulizwa alieleza kweli, na kweli yake ndiyo iliyosikika kama uongo kuliko yote.

Sasa niseme langu.

Masika ya mwaka wa 1948 nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na nusu. Mume wangu Hezroni alikuwa kibarua katika shamba la mkonge huko chini, upande wa Bendera, na mimi nilikaa na mama yake, Zipora, mfinyanzi ambaye vyungu vyake viliulizwa kwa jina mpaka sokoni Hedaru. Alinipa chungu kidogo cha kumpikia Naftali uji. Akaniambia, "Hiki si cha kuchezea. Siku nikikitaka, nikione." Nilikuwa nimeshamvunjia kibuyu na bakuli. Alikuwa hajasema kitu kuhusu kibuyu na bakuli, na kunyamaza kwake kulinitisha.

Siku moja nilikuwa natoka mtoni, mtoto mgongoni, chungu kiunoni. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale kwenye mpaka wa shamba letu na la Asheri, penye mimea ya masale, niliteleza. Nikamdaka mtoto, chungu nikakiacha. Kikagonga jiwe kwa ubavu. Nilitazama huku na huku, hakuna mtu. Nikavifukia vigae hapo hapo kwenye shina la masale, udongo ulikuwa laini. Nyumbani nikasema, "Mama, chungu nimekisahau kwa mama yangu mzazi." Zipora akasema, "Haya."

Kila Mpare anayesoma hapa ameshaona nilichokifanya. Masale ni mpaka, ni kitu cha ukoo. Na mtu wa kwetu akitaka kumlaani mwenzake na kizazi chake huvunja chungu akimtaja jina. Mimi sikutaja jina la mtu. Nilikuwa nalia tu, namwogopa mama mkwe.

Wiki tatu baadaye ng'ombe wa Asheri alivimba tumbo akafa. Siku ya pili yake Asheri alikwenda kuzibua mfereji unaoleta maji kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na jembe lake likagonga vigae chini ya masale.

Alipiga kelele watu wakatoka mashambani. Tulimkuta amesimama mbali, anaonyesha kwa jembe, hataki kukaribia.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Mambo ya vyungu siyasadiki. Lakini ng'ombe wangu hakubatizwa!"

Mtu mmoja akamtazama Zipora, kwa sababu upande wa pili wa masale ni kwake.

"Mimi?" Zipora akasema. "Nipoteze chungu kizima kwa ajili ya ng'ombe mkondefu kama yule?"

Aliinama, akaokota kigae kimoja, akakipitishia kidole gumba chini ya mdomo, akakirudisha chini. Hakunitazama. Mimi nilikuwa nyuma yake na Naftali, na moyo unanipiga hata mtoto akaamka. Ningesema wakati ule. Mdomo ulikataa.

Kisha mtu akauliza, polepole, "Katika Bombo hii, nani anaweka vigae?"

Watu waligeuka wote pamoja kutazama nyumba ya Mwalimu kule juu.

Siku zile nne zilizofuata sizisahau. Watoto walikatazwa kupita kwake. Majalala yalizolewa yakamwagwa mtoni. Mwanamke aliyekuwa akimuuzia maziwa aliacha. Naye hakubadili kitu, alikaa njia panda na daftari lake, na watu walikata njia nyingine kwenye magugu.

Mimi nilikutana naye ana kwa ana kwenye kona, sikuweza kurudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Naftali. Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Uji wake siku hizi unaupikia nini?"

"Sufuria," nikasema.

"Sufuria. Haya." Akaendelea na njia yake.

Basi anajua. Tangu hapo nilimwogopa kuliko wote waliomwogopa bure. Nilijiuliza anangoja nini. Nilijiuliza kama atanitoa mbele ya watu ili ajiokoe, na kwa nini asifanye hivyo, mimi ningefanya. Nasema kweli, kuna siku nilitamani wamfukuze upesi ili aende na anachokijua.

Jumbe Isihaka aliita baraza Alhamisi. Vigae vilitandazwa juu ya gunia. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu: ikionekana ni kazi ya Eliufoo, ataondoka Bombo ashukie Same au popote, na sanduku lake litavunjwavunjwa litupwe mtoni ili laana iende na maji.

"Mwalimu," akasema Jumbe, "hivi ni vyako?"

"Si vyangu."

"Ni vya nani?"

Eliufoo akachuchumaa. Akavishika kimoja kimoja, akavigeuza, akavinusa. Kimoja akakigusa kwa ulimi.

"Anavilamba!" mwanamke mmoja akapaza sauti, na watu wakarudi nyuma hatua moja.

Akainua kichwa, akatuzungukia wote kwa macho. Yalinifikia, yakakaa, yakapita.

"Nimejua," akasema. "Lakini sitasema."

"Kwa nini usiseme?"

"Kwa sababu nikiwatajia aliyefinyanga, mtadhani mmempata aliyevunja. Na nikiwatajia aliyevunja, mtadhani mmempata aliyelaani."

"Mmemsikia?" Asheri akaruka. "Mmemsikia anavyozunguka? Hayo ndiyo ya Wayunani!"

Jumbe alitazama wazee, wazee wakaitikia kwa vichwa. Akatoa amri sanduku liletwe. Walipolifungua, Eliufoo akasema neno moja tu: "Vya hapa vunjeni. Kile cheusi nakiomba, hakijui kitu cha Bombo."

"Hicho ndicho mama yao," akasema Asheri, akainua jiwe.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nilisikia sauti yangu. "Mzee Asheri, acha. Ni mimi. Niliteleza. Nilikuwa na mtoto, chungu kikaanguka, nikakificha."

Nikasikia kicheko nyuma yangu.

"Mume yuko mkongeni, mke anamtetea kapera!"

"Ndiyo maana wanasalimiana sana njiani!"

Hilo sikulifikiria. Nilidhani kweli ikisemwa inasimama yenyewe. Jumbe aliniangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyochanika.

"Binti, Mwalimu amekutuma useme hivyo?"

"Hapana, baba. Kitako cha chungu sikukifukia. Ninacho, nachukulia moto asubuhi."

Zipora akasimama. Nilidhani atanipiga. "Nitakwenda kukileta," akasema, akaenda. Alirudi upesi na kile kitako mkononi, majivu bado yamo. Hakuwa ameniuliza nakiweka wapi.

Akampa Eliufoo, naye akaomba ugali wa jana. Akaukanda kwa vidole ukawa kama gundi, akaanza kuunga. Akamwaga majivu chini, akaweka kitako juu yake, akapandisha ubavu, kipande kwa kipande, akigeuza, akijaribu, akiondoa. Watu walikuwa wamerudi nyuma, sasa walisogea. Hata Asheri alisogea, jiwe bado mkononi. Chungu kikasimama, na kitako kikaingia kwa vingine bila kuacha nafasi ya ukucha.

"Anayevunja chungu kwa kulaani hukipiga kutoka juu. Au sivyo, Mzee Asheri?"

"Nitajuaje mimi mambo hayo?" Asheri akajibu haraka, na watu wakacheka mara ya kwanza tangu vigae vionekane.

"Nyufa zote hizi zinatoka hapa, ubavuni. Kimegonga jiwe upande, kutoka kiunoni mwa mtu mfupi. Na ndani kuna uji ulioungua. Umeungua mara mbili."

"Mara mbili?" akasema Zipora, na watu wakacheka tena.

Hapo ilifaa anyamaze. Alikuwa ameshapona. Lakini nilimwona uso wake, ulikuwa uso wa mtu anayesoma kitabu na amesahau kwamba tupo. Alikuwa anafuata mistari ya chini ya mdomo kwa kidole.

"Tena tazameni. Aliyefinyanga, siku hiyo alikuwa na kidole kibovu mkono wa kushoto, mistari inalegea upande huu. Na udongo huu, mwekundu hivi, wenye kung'aa, si wa shimo lake la siku zote. Huu ni wa bonde la pili, umechanganywa ili..."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

Bonde la pili ni shimo la wanawake wa ukoo wa Asheri. Kwetu mwanamke hachoti udongo kwenye shimo la wenzake bila kuwaomba, na kufanya hivyo kwa siri ni aibu inayosemwa miaka. Mke wa Asheri alimtazama Zipora. Wanawake wote walimtazama Zipora. Mama mkwe wangu alikuwa ameuficha mkono wa kushoto ndani ya kanga.

"Mwalimu hana kosa," Jumbe akasema, anakohoa, anataka kwenda kula. "Ng'ombe amekufa kifo cha ng'ombe. Baraza limekwisha." Lakini hakuna mwanamke aliyeondoka.

Zipora aliomba radhi kwa vyungu viwili vipya, akavipeleka mwenyewe, mchana, watu wakimwona. Mimi hakunipiga wala hakunitukana. Siku ile tuliporudi nyumbani alikaa jikoni akasema, "Yule mtu anaona mno." Nikasubiri aseme la kibuyu na bakuli. Hakusema.

Eliufoo hakufukuzwa. Nyumba yake ilibaki, sanduku lake lilibaki, maziwa yalirudi, watu walimsalimia kwa heshima ambayo hawakuwa nayo kwanza. Na hakuna mwanamke wa Bombo aliyempitishia tena chungu machoni. Waliopita njia panda walivifunika kwa majani ya migomba au kwa kanga, kama wamebeba maiti ya kitoto. Chungu kikivunjika, vigae vilitwangwa. Mwanzoni walimdhania anaficha kitu. Sasa walikuwa na hakika hakuna wanachoweza kumficha, na hilo ni gumu zaidi kuishi nalo. Nani ajuaye chungu chake kina nini? Huenda kinasema siku uliyogombana na mumeo. Huenda kinasema ulichokula wakati mkwe wako ana njaa.

Alikaa njia panda siku tano zaidi, akaacha. Alimwandikia Kapteni kwamba swali lake halitajibiwa kutoka Bombo. Miaka iliyofuata alifanya kazi ya Wayunani peke yao, kwa picha alizotumiwa, mezani kwake dirishani. Mwaka wa 1955 kilikuja kijitabu chembamba kutoka Uingereza, chenye jina lake ndani, Eliufoo, na michoro aliyoichora kwa mkono wake. Alinionyesha mimi kabla ya wengine, sijui kwa nini. Nilikifungua chote. Wanaume wenye ngao, farasi, mwanamke amekaa na kioo.

"Vya Bombo viko wapi, Mwalimu?"

"Vya Bombo vina wenyewe."

Mimi nami sasa nafinyanga. Zipora alinifundisha mwaka ule ule wa baraza, kwa hasira nadhani, au ili anione karibu. Vyungu vyangu vya kwanza vilipasuka, kisha vikaacha kupasuka. Juzi nilikuwa napeleka kimoja kwa mke wa mchungaji, kizuri, wala sikuwa na siri yoyote ninayoijua. Mwalimu Eliufoo alikuwa anapandisha njia, amezeeka magoti, na fimbo. Nilifikiri, huyu ndiye aliyenisitiri mbele ya watu. Nimwachie akitazame, hata kimoja.

Tulipokaribiana mkono wangu ulivuta kanga ukakifunika chungu. Naye alikuwa ameshasimama pembeni, amenigeuzia mgongo, anatazama bondeni mpaka nipite.